Kikombe cha Nyongeza kwenye Injini ya Yohana

Wiki iliyopita nilikuwa nakwenda dukani kununua dawa ya mbuzi, nikapita mbele ya banda la fundi mmoja kijana hapa Mandewa. Pikipiki ilikuwa imelalia mguu wake wa pembeni. Fundi alikuwa ameshamimina lita nzima ya oili, na sasa alikuwa anafungua chupa ya pili. Mwenye pikipiki, mtu mzima mwenye kofia ya sufi, alikuwa anatazama huku akitabasamu kama mtu anayepakuliwa nyama.

Nikasimama. Fundi akaniamkia, nikaitikia, kisha nikamwuliza chupa ya pili ni ya nini. Akanijibu kwa upole kabisa, "Namwongezea kidogo, babu. Anakwenda Itigi."

Nikatafuta tofali nikakaa. Yule kijana alidhani ni jua, akaniletea maji. Halikuwa jua. Maneno aliyoyasema ndiyo yale yale niliyokuwa nikiyasema mimi, kwa sauti hiyo hiyo ya upole, na nilidhani nimeyazika siku nilipofunga banda langu. Kumbe yalibaki mtaani, yakawa yanatembea kutoka fundi hadi fundi. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Ninyi mnaoshika spana sasa, na ninyi mnaoendesha, nawaomba mnisikilize juu ya jambo moja tu: oili iliyozidi.

Mimi ni Ramadhani. Kwa miaka mingi niliitwa Fundi Rama, na kazi yangu ilikuwa pikipiki. Macho yamepungua na vidole vimekakamaa, lakini niliyoyaona nayakumbuka kwa mpangilio wake, kwa sababu tangu ujana nina tabia ya kutazama mambo na kuyaweka kichwani. Hata siku niliyoipata aibu kubwa kuliko zote katika kazi yangu, nakumbuka nani alikaa wapi.

Kazi nilijifunzia Iguguno, kwa fundi aliyeitwa Mzee Kiula. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu aliyeanza na mashine za kukoboa mahindi kabla pikipiki hazijawa nyingi. Enzi hizo pikipiki za kule zilikuwa za bwana shamba, bwana mifugo na katekista, basi. Mzee Kiula alikuwa na masharti mawili juu ya oili. La kwanza, pikipiki ipandishwe stendi kubwa, isimame wima kama mwanafunzi mstarini. La pili, kijiti cha kupimia oili kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa, kirudishwe, kichomolewe tena, ndipo kisomwe. Ukikisoma mara ya kwanza bila kufuta, alikuwa anakunyang'anya na kukifuta mwenyewe mbele ya macho yako, bila kusema neno. Ukimya huo ulikuwa unauma kuliko matusi.

Alikuwa pia na bomba kubwa la sindano, lile la kuchanjia ng'ombe, alilopewa na bwana mifugo baada ya mshikio wake kuvunjika. Alilifunga mpira mwembamba mdomoni. Oili ikipita alama ya juu ya kijiti, hata kwa upana wa ukucha, alikuwa anaingiza ule mpira kwenye tundu la kijiti na kuifyonza iliyozidi. Siku moja nilimcheka. Nilimwambia anainyonya pikipiki damu.

"Nainyonya isiteme," akasema, bila kuinua kichwa.

Sikuelewa. Leo nitawaeleza kwa maneno ambayo yeye hakuwa nayo. Ndani ya injini, upande wa chini, kuna krenki, mhimili unaozunguka kwa kasi. Oili ikiwa kwenye kipimo, inafika kila mahali panapostahili na krenki inazunguka huru. Oili ikizidi, krenki inaipiga kama unavyopiga mayai kwenye bakuli. Inatoka povu. Povu halilainishi vyuma kama oili inavyolainisha. Injini inakuwa nzito, inapata joto, na ndani kunajaa mgandamizo unaotafuta pa kutokea. Mara nyingine unatokea kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje, ukaona injini inalowa. Mara nyingi unapita kwenye mpira wa kupumulia, ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kisanduku cha chujio la hewa. Oili inajaa humo, chujio linalowa, bomba la moshi linaanza kutoa moshi. Na chini ya kisanduku hicho kuna kimpira cha kutolea uchafu. Kinaning'inia mbele kidogo ya tairi la nyuma. Kikumbukeni hicho kimpira.

Nilipofungua banda langu Mandewa nilikuwa bado namfuata Mzee Kiula kwa kila kitu. Kilichonibadilisha kilikuwa kinu cha alizeti.

Kinu hicho kilipakana na banda langu, ukuta kwa ukuta, na mwenyewe alikuwa Mama Salome, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Mtu akiletewa mafuta yake kwenye dumu, Mama Salome hakumwacha aondoke. Alichukua kata, akachota mafuta mengine, akamimina juu ya yale hadi yakafurika mdomoni na kutiririka ubavuni mwa dumu. Hiyo ndiyo nyongeza. Mteja alikuwa anafuta yale yaliyotiririka kwa kiganja na kujipaka viwiko. Watu waliviacha vinu vingine njiani wakaja kwake kwa ajili ya kata moja tu.

Mimi nilikuwa naangalia nyuso zao. Uso wa mtu anayepewa nyongeza unalainika, mabega yanashuka, anasahau hata alilokuwa analalamikia. Nikajiuliza kwa nini kwangu watu wanaondoka na uso ule ule waliokuja nao. Nikanunua kikombe cha plastiki cha buluu, cha robo lita, nikakitundika kwenye msumari mlangoni. Kuanzia siku hiyo, kila nilipomaliza kuweka lita moja ya oili, nilishusha kikombe.

"Hiki ni cha safari," nilikuwa nasema.

Na hapa ndipo mtashangaa, kwa sababu hata mimi nikikumbuka nashangaa upya. Niliipima nyongeza kwa urefu wa njia. Anayezunguka mjini, nusu kikombe. Anayekwenda Iguguno, kikombe. Anayekwenda Itigi, kikombe na nusu, kwa kuwa ni mbali na vichaka ni vingi. Nilijaza oili kama mtu anavyofungiwa chakula cha njiani. Mimi, mwanafunzi wa Mzee Kiula, niliyejua kwamba injini haili oili kwa kilomita.

Wateja waliongezeka. Moshi nao uliongezeka, na sili zilizovuja, na machujio yaliyolowa. Nilibadilisha sili, nikasafisha machujio, na kila nilipomaliza nikashusha kikombe cha buluu. Nilikuwa natibu ugonjwa na kuupanda tena siku hiyo hiyo, na watu walinishukuru mara mbili.

Lazima niwape na kisa cha mfanyabiashara wa asali kutoka Itigi, kwa sababu kitahitajika mbele. Huyu alikuja kwangu amekonda kwa mawazo. Oili ya pikipiki yake ilikuwa inapanda yenyewe. Hakuna aliyeongeza tangu mwezi uliopita, lakini kila akipima imepanda. Alikuwa ameshamshuku jirani yake kwamba anamtilia vitu ili amharibie. Akaanza kuilaza pikipiki chumbani, hadi mkewe akahamia kwa watoto. Nilichomoa kijiti nikakinusa. Kilinuka petroli, na ile oili ilikuwa nyepesi kama maji. Alikuwa anaacha koki ya petroli wazi kila anapoegesha, na sindano ya kabureta, ile inayozuia petroli, ilikuwa imelika, kwa hiyo petroli ilikuwa inapenya na kushuka hadi ndani ya injini. Nilimkataza kuiwasha hata mara moja. Tukamwaga oili yote, tukabadilisha sindano, nikamfundisha kufunga koki. Akasema amemwacha jirani bila salamu kwa mwezi mzima, sasa ataanzia wapi. Nikamwambia aanze na asali.

Basi kanuni ni hiyo: oili ikizidi, kabla hujamlaumu mtu, kinuse kijiti.

Sasa nifike kwa Yohana.

Yohana alikuwa dereva wa bodaboda kwenye kijiwe kilichokuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na banda langu. Alikuwa na watoto wawili na pikipiki ya mtu, na mwendo wake ulikuwa wa polepole hadi wenzake wakamwita Bwana Harusi, kwamba anaendesha kama aliyembeba bibi harusi na shela lake. Wazee na wajawazito walimtafuta yeye. Jumatatu moja alikuja nikambadilishia oili, nikampa na kikombe chake. Alhamisi asubuhi akarudi, safari hii na Mama Salome mwenyewe. Mama Salome alitaka kwenda Iguguno kuangalia alizeti za wakulima kabla walanguzi hawajafika, na alikuwa amemchagua Yohana kwa sababu ya ule mwendo.

Walikuwa na haraka. Pikipiki ililalia mguu wa pembeni na sikuhangaika kuipandisha stendi kubwa. Nikachomoa kijiti, nikakisoma mara ya kwanza bila kukifuta vizuri, nikaona oili imeshika ncha tu. Bila shaka ilikuwa ncha tu. Pikipiki ikilala upande wa kushoto, oili nayo inakimbilia kushoto, na kijiti kiko kulia. Hilo nililijua tangu Iguguno.

"Imeshuka," nikasema, nikashusha kikombe.

Nilimimina kimoja. Mama Salome alikuwa amesimama pembeni na kikapu chake. Akacheka, akasema, "Mpe na kata ya mwisho, fundi. Ananibeba mimi, si mfuko wa pamba."

Watu wa kijiweni wakacheka. Nami nikacheka, nikamimina kingine. Yohana akanishukuru kwa mikono miwili. Wakaondoka, na nilipouona moshi wao barabarani nikajiambia ni oili mpya.

Kabla ya adhuhuri simu ikaja. Walikuwa wameanguka karibu na Iguguno, kwenye kona ya kuiacha lami. Yohana alichubuka goti na kiwiko. Mama Salome alivunjika mkono wa kulia.

Nilikwenda hospitali jioni ile ile. Mama Salome alikuwa amelala, uso umemsawajika, na alichoniambia ni kwamba yule Bwana Harusi alikata kona kama mwehu, ghafla nyuma ya pikipiki ikakimbia pembeni. Nilimwamini. Si kwamba nilimwamini tu, wanangu. Nilirudi kijiweni nikasema mbele ya watu kwamba hata wapole wana siku zao, na kwamba huenda Yohana alikuwa anaringia mwendo kwenye lami nzuri. Nayarudia maneno hayo hapa kwa sababu niliyasema.

Kijiwe kilikuwa na sheria yake. Dereva akimwangusha abiria kwa uzembe, anavuliwa kizibao chake chenye namba na hapangi tena foleni pale. Kwa Yohana hilo lilikuwa na maana moja. Mwenye pikipiki alikuwa ameshasema kwamba asiye na kijiwe hampi pikipiki, na Yohana hakuwa na shamba wala kazi nyingine. Kikao kikaitishwa Jumamosi asubuhi, chini ya mabati ya kijiwe. Mwenyekiti, Shabani, alikuwa dereva wa siku nyingi aliyependa mambo yaende kwa utaratibu. Alitandaza kizibao cha Yohana kwenye benchi mbele ya wote. Mama Salome alikaa upande wa kushoto, mkono umefungwa plasta, umebebwa na kanga shingoni. Yohana alikaa chini, si kwenye benchi.

Shabani akanigeukia mimi. Alisema wao ni madereva na watapendelea au watachukia, lakini fundi hana upande. Niikague pikipiki mbele ya kikao, niseme kama ina ubovu au kama ni dereva.

Pikipiki ilikuwa imeletwa kwa guta la mizigo. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, kwa macho kabla ya mikono. Breki, nzima. Mnyororo, mzima. Nikainama kwenye tairi la nyuma, na pale nikaona linang'aa, hasa upande wa pembeni, ule unaogusa lami dereva anapolala na kona. Nikapitisha kidole. Oili.

Nikafuata njia yake kwenda juu. Ilitoka kwenye kile kimpira nilichowaambia mkikumbuke. Nikafungua kisanduku cha chujio la hewa, na oili ikamwagika kutoka humo ikanilowesha viatu. Chujio lilikuwa limejaa kama sponji ya kuoshea vyombo. Nilisikia watu wakinong'ona nyuma yangu. Nikaomba wanisaidie kuipandisha pikipiki stendi kubwa. Nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Hakikuwa na alama tena. Kilikuwa kimelowa chote hadi kwenye kifuniko.

Nilijua, lakini nilikuwa bado natafuta mlango wa kutokea. Nikakinusa kijiti. Nawaambia ukweli, niliomba kwa moyo wangu wote kinuke petroli, kama cha yule wa Itigi, ili kosa liwe la sindano ya kabureta, kitu kisicho na jina la mtu. Nikakinusa tena. Ilikuwa oili safi, ya wiki hiyo, ile niliyoijua kwa harufu.

Nikaweka beseni, nikafungua nati ya chini. Oili ikatoka, ikaendelea kutoka. Nikaipima mbele yao kwa chupa. Chupa ya lita ikajaa. Ya pili ikapita nusu, na hiyo ni baada ya ile iliyokwisha kumwagika njiani na kisandukuni. Injini ile inataka lita moja. Nikainua macho, na ng'ambo ya barabara nikakiona kikombe changu cha buluu kwenye msumari wake, kinacheza kidogo kwa upepo.

Shabani akauliza, "Fundi, tuambie. Ni dereva au si dereva?"

Nikasema, "Oili ilizidi."

"Nani aliizidisha?"

Nilimtazama Yohana. Alikuwa anatazama goti lake lililofungwa bandeji. Nikangoja aseme, na hakusema. Shabani akakichukua kizibao kutoka kwenye benchi na kuanza kukikunja, kwa sababu alidhani kwamba dereva ndiye aliyeongeza oili na sasa anaona haya. Nataka mlijue hilo. Sikusema mapema. Nilisema kizibao kilipokuwa kimekunjwa mara mbili.

"Mimi," nikasema. "Jumatatu kikombe, Alhamisi viwili. Mama Salome alikuwepo."

Mtu mmoja nyuma akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini vikombe alivyopewa yeye, kisha akanyanyuka akaenda kuitazama pikipiki yake. Wakamfuata wengine. Wote wakainama kwenye matairi yao ya nyuma, kila mtu na kidole chake. Katika maisha yangu yote ya kazi sijaona kitu kilichonitisha kama ile safu ya migongo iliyoinama.

Kisha akaanza Mama Salome. Alimgeukia Yohana kwanza, akamwambia, "Mwanangu, nilikusingizia." Kisha akanigeukia mimi, na hakupaza ile sauti yake.

"Fundi, nyongeza yangu mtu anaiona inamwagika. Akitaka, anasema basi. Yako ulimfungia ndani, akaikalia. Na mimi ukanikalisha juu yake."

Shabani alikikunjua kizibao, akakikung'uta, akampa Yohana mkononi.

Watu walipotawanyika nilimfuata Yohana. Nilitaka kujua jambo moja, na nililiuliza kwa hasira kidogo, mnajua jinsi mwenye kosa anavyokuwa. Nilimwuliza kama hakuona moshi. Akasema aliuona tangu Jumanne, na pikipiki ilikuwa nzito, na hata nyayo zake zilikuwa zinapata oili. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, si kwangu, si kwenye kikao, alipokuwa anavuliwa kizibao chake machoni mwa watu.

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

"Ningesemaje, fundi? Ulinipa bure."

Tairi lile lilikuwa limenishtua, na chupa ya pili pia, lakini neno hili lilinipiga kuliko vyote. Kijana wa watu alikuwa tayari kupoteza kazi kuliko kusema vibaya kitu alichopewa bila kudaiwa. Angekilipia kile kikombe, angekuja kunigombeza Jumanne asubuhi, na Mama Salome angekuwa na mikono yake miwili. Mimi niliyekuwa naziangalia sana nyuso za wateja, sikuwahi kuona kwamba nyuso zile zilizolainika zilikuwa pia zimefungwa mdomo.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Iguguno kumweleza Mzee Kiula, maana sikutaka ayasikie kwa abiria. Alikuwa mzee sana wakati huo, hafanyi kazi tena. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliingia ndani, akatoka na lile bomba la sindano ya ng'ombe, akaniwekea mapajani.

Nililitumia wiki nzima. Niliwaita wote niliokumbuka nimewapa nyongeza, na niliowasahau walijileta wenyewe. Na kama itakutokea nawe, fanya hivi. Usiwashe injini. Ipandishe stendi kubwa mahali tambarare. Kama imetoka kutembea, iache itulie dakika chache ili oili ishuke. Soma kijiti mara mbili. Angalia pia kama chako kinasomwa kikiwa kimefungwa kwa kukazwa au kimekalia tu tundu, maana pikipiki hazifanani, na kwa kosa hilo tu unaweza kupotea. Kinuse. Kikinuka petroli, mwaga oili yote na utafute ilikotoka petroli. Kisiponuka, punguza kidogo kidogo, kwa bomba au kwa kulegeza nati ya chini huku beseni liko tayari, upime tena, upunguze tena, hadi ikae kati ya alama mbili. Ukipunguza mno utaongeza, si aibu. Kisha fungua kisanduku cha chujio la hewa, safisha, kausha. Na mwisho, usiondoke kabla hujafuta tairi la nyuma kwa sabuni hadi liwe kavu na lisilong'aa.

Kijana wa wiki iliyopita nilimweleza haya nikiwa nimekaa kwenye tofali lake. Aliniheshimu, akaifunga chupa ya pili. Yule mteja mwenye kofia ya sufi ndiye aliyeudhika. Alinitazama kama nimemwondolea sahani mdomoni, akamwuliza fundi kama ana nyongeza nyingine ya kumpa.

Nikamwambia ninayo mimi, na nikamfanyia kitu nilichojifunza kwa Yohana. Kwa maana Yohana aliendelea kuwa mteja wangu hadi nilipofunga banda. Mara ya kwanza alipokuja baada ya kile kikao, aliipandisha pikipiki stendi kubwa mwenyewe, kabla sijamwambia. Nikaweka lita moja. Nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Msumari ulikuwa mtupu mlangoni, na wote wawili tulikuwa tunajitahidi kutoutazama. Nilipotaka kukisoma, niliona amenyoosha mkono.

Aliuacha mkono wake pale, wazi, kati yangu na injini.

Nikampa kijiti. Akainama nacho kwenye mwanga, akakisoma mwenyewe taratibu, kwa ule mwendo wake wa bwana harusi, kisha akanirudishia.